Tableti imefungiwa kabatini: nimfuate mtaalamu wa usemi au wa tabia?

SWALI: Habari daktari. Mwanangu ana miaka 6, ana usonji, na maneno anayotamka hayafiki matano. Mwaka jana mtaalamu wa usemi alituwekea programu ya picha kwenye tableti: akibonyeza picha, tableti inasema. Yeye humwona mara moja kwa wiki. Siku nyingine nne mtoto yuko kwenye kituo cha tiba ya tabia. Huko wanasema anabonyeza ovyo, kwa hiyo wanaifungia kabatini na kuitoa wakati wa chakula tu. Sasa wanataka tuanze upya na kadi za picha. Mtaalamu wa usemi akisikia hivyo hukasirika. Nyumbani tunaongea Kiswahili, tableti inaongea Kiingereza, na mama mkwe anasema mashine itamfanya mtoto asiseme kabisa. Nimfuate nani? (Mama, Nairobi)

JIBU: Mama, salamu zimefika. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa usemi, na kuniuliza nani ana haki kati ya watu wa usemi na watu wa tabia ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Nitajitahidi. Ukiona naelemea upande mmoja, sababu unaijua.

Sitakuambia umchague mmoja. Mwanao anawahitaji wote wawili, ila wakiwa na mpango mmoja. Kikao cha kuwapatanisha kinaweza kungoja wiki mbili tatu, lakini kuna jambo halingojei: tableti itoke kabatini kesho asubuhi. Iwe pale mtoto alipo, mezani, kwenye mkeka, uwanjani, hata ndani ya matatu. Mtoto anayesema kwa mdomo hatumzibi mdomo kwa sababu anaropoka, wala hatumwambii aongee saa nne ya uji tu. Ikitoka wakati wa chakula peke yake, mtoto atajifunza kwamba lugha ni kitu cha kuombea biskuti, na hatakuwa na njia ya kukuambia sikio linamuuma.

Kuhusu kubonyeza ovyo, fikiria mtoto mchanga. Hubwabwaja "ba-ba-ba" miezi mingi, nasi tunamjibu, "Eeh, baba anakuja!" kana kwamba amesema jambo. Kwa kujibiwa hivyo ndipo anapogundua kwamba sauti ina kazi. Mtoto wa tableti naye hubwabwaja, tofauti ni kwamba anatumia kidole. Akibonyeza "ndizi" bila sababu unayoiona, jibu kama kwamba ipo: "Ndizi? Hebu tuangalie kama zipo." Zikiwa hazipo, mwonyeshe sahani tupu. Hilo nalo ni somo.

Hata hivyo, watu wa kituoni hawaoti ndoto. Wako watoto wanaobonyeza "simba" mara arobaini kwa sababu mlio unawapendeza, na wako wanaobonyeza chochote ili mwalimu aache kuwasumbua. Huwezi kuwatofautisha kwa kukisia. Inabidi uhesabu, na kwa kuhesabu watu wa tabia wanatushinda mbali.

Niliwahi kufundishwa hilo kwa aibu kidogo. Nilikuwa na mvulana niliyemfundisha neno "maji" kwa miezi miwili. Akaanza kulibonyeza kila siku, nami nikaandika kwenye faili kwamba amefaulu. Mwenzangu wa tabia akakaa pembeni siku tatu na karatasi yenye safu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, kilichofuata. Kumbe "maji" ilikuja karibu kila mara baada ya kuletewa kazi ya kukata na kubandika. Akipewa kikombe, anakimwaga. Sakafu ikilowa, kazi inasimama, na yeye anapelekwa kubadilisha soksi. Alikuwa akisema "nitoeni hapa" kwa neno pekee nililompa. Tukaongeza kitufe cha "nimechoka" na cha "twende nje", tukawa tunamwonyesha namna ya kuvitumia kabla hajachoka. Vikombe viliacha kumwagwa baada ya wiki chache. Peke yangu ningeendelea kumpa maji hadi leo, na mwenzangu naye peke yake pengine angemfundisha kukaa kitini bila kumpa neno la kuondokea.

Jambo hilo lina historia. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walichapisha utafiti Marekani kuhusu watoto waliokuwa wakivuruga masomo. Waliwafundisha sentensi fupi ya kuomba msaada, au ya kumfanya mwalimu awaangalie na kuwasifu, na vurugu ikapungua sana. Sharti lilikuwa moja: sentensi ilingane na sababu ya vurugu. Mtoto aliyelemewa na kazi ngumu, ukimfundisha kuomba sifa, hakuna kinachobadilika. Kupata sababu ni kazi ya mtaalamu wa tabia, kupata sentensi inayomfaa mtoto huyo ni kazi ya mtaalamu wa usemi, na kimoja bila kingine ni nusu ya kazi.

Mwaka huohuo wa 1985, katika jimbo la Delaware, Andy Bondy, mwanasaikolojia wa upande wa tabia, na Lori Frost, mtaalamu wa usemi, walianza kutengeneza mfumo wa kubadilishana picha unaojulikana kwa kifupi kama PECS. Ndizo hizo kadi zinazotajwa kituoni kwenu. Kwa hiyo mwambie mtaalamu wako wa usemi, kwa heshima, kwamba mmoja wa waliozibuni ni mtu wa taaluma yake. Na kadi zina jambo zuri ambalo tableti haina: ili upate kitu, lazima umfuate mtu umkabidhi kadi mkononi. Kwa tableti unaweza kuongea na ukuta. Kama mwanao anabonyeza akiwa amekupa mgongo, hilo ni la kufundishwa: alete tableti, amguse mtu begani, kisha aseme.

Lakini kuanza upya na kadi sikubaliani nako. Ameshakaa mwaka mzima na tableti. Mfumo ule wa kadi una hatua 6, na kutoa maoni, yaani kusema "naona ndege" bila kuomba chochote, kunafundishwa hatua ya mwisho kabisa. Wako watoto wanaokaa miaka kwenye kuomba tu. Kadi zichukue kama akiba. Piga picha ya kila ukurasa wa tableti, chapisha kwa rangi, peleka saiba wakufanyie laminesheni, na picha zikae palepale zilipo kwenye skrini. Stima ikipotea, chaji ikiisha, au mkiwa ufukweni na mchanga umejaa kila mahali, mtoto ana cha kusemea.

Kituo pia kina haki kwenye jambo ambalo hukulitaja ila nalikisia. Kama tableti hiyohiyo ndiyo ya katuni na michezo, mtoto ataichezea, na hata mimi ningeichezea. Tableti ya kusemea iwe ya kusemea tu. Kwenye mipangilio yake kuna namna ya kuibakiza ndani ya programu moja asitoke. Mwombe mtaalamu wako akuonyeshe. Katuni zihamie kwenye simu yako au runinga.

Ugomvi mkubwa zaidi kati ya taaluma hizi mbili, kwa nilivyoona, uko kwenye mikono. Msaidizi wa kituoni anauliza, "Unataka nini?" Mtoto anatazama dirishani. Msaidizi anachukua kidole cha mtoto, anakibonyeza kwenye "juisi", kisha anampa juisi na kuweka alama ya tiki. Kwenye karatasi inaonekana ni mafanikio. Mtoto lakini amejifunza kwamba mazungumzo huanza pale mtu mzima anapomshika mkono, na ukimwachia mkono anakaa kimya akingoja. Mimi huomba ngazi nyingine: kwanza kusubiri, ukihesabu moyoni hadi kumi (utaona kumi ni ndefu kiasi gani); kisha kuitazama tableti kwa matarajio; kisha kunyoosha kidole kuelekea picha; mwisho kabisa kubonyeza wewe mwenyewe huku ukisema neno, bila kumlazimisha arudie. Wataalamu wazuri wa tabia hawatapinga, maana wao ndio wanaosisitiza kwamba msaada wowote uwe na mpango wa kuondolewa.

Na maadamu tumegusa mikono: siku moja utakutana na mtu, ana kwa ana au mtandaoni, atakayesema amshike mwanao kiganja au amshikie ubao wa herufi hewani, na ghafla mtoto huyo ataandika insha. Mkatae. Majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba maneno hutoka kwa anayeshika mkono. ASHA, chama cha Marekani cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu, kilitoa msimamo wa kupinga njia hizo mwaka 2018. Katika hili watu wa usemi na wa tabia hawana ugomvi hata kidogo.

Turudi kituoni. Kuna swali moja ambalo ningekuomba uwaulize bila ukali: kwa siku, ninyi wakubwa mnaibonyeza tableti mara ngapi mkiongea na mtoto? Jibu likiwa sifuri, mtoto anadaiwa lugha ambayo hakuna anayemsemesha. Ni kama kumlea mtoto Kisii kwa Kiswahili kitupu, halafu umlaumu kwa nini hajui Ekegusii. Mkubwa anayesema "twende nje" abonyeze "twende" anaposema. Anayesema "basi, imeisha" abonyeze "basi". Mtu wa tabia anaweza kulalamika kwamba hapo hakuna jibu la mtoto la kuhesabu. Basi ahesabu wakubwa! Sisemi kwa mzaha, nimeona ikifanyika, na idadi ya mkubwa inapopanda, ya mtoto huja nyuma yake.

Jambo jingine litakalozua mvutano ni kitufe cha "sitaki". Angalia tableti ya mwanao kama kipo na kama kinaonekana bila kufungua kurasa tatu. Vituo vingi hukiogopa: tukimpa "sitaki", hatafanya kazi tena. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake inatoka kwao wenyewe. Mwanzoni "sitaki" iheshimiwe kila inaposemwa, hata ikimaanisha kazi inasimama mara ishirini kwa siku, ili mtoto aamini kwamba neno lina nguvu kuliko kuuma mkono. Ikishakaa, mkubwa anaanza kuomba kidogo: "Sawa, umesikika. Moja tu, kisha basi." Baadaye mbili, kisha tano. Hapo kazi ya kupanga hatua hizo mwachie mtaalamu wa tabia, hiyo ni fani yake. Kazi ya mtaalamu wa usemi ni kuhakikisha mtoto ana maneno ya katikati kama "bado", "kidogo" na "nisaidie", kwa sababu mara nyingi "sitaki" ni "siwezi" iliyokosa kitufe.

Nimefika kwenye Kiswahili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wote wawili huwa wanatuangusha. Programu nyingi zimeundwa juu ya Kiingereza. Kuna kitufe cha "mimi", cha "taka", cha "si". Ukitafsiri kitufe kwa kitufe, mtoto atasema "mimi taka", na akikataa atasema "mimi si taka". Hakuna mtoto wa Kibokoni wala wa Kawangware anayesema hivyo. Lugha yetu hubeba mtendaji, wakati na ukanushi ndani ya neno moja, kwa hiyo mwanzoni mpe maneno mazima: nataka, sitaki, nipe, nisaidie, acha, tena, bado, basi, twende, njoo, yangu, naumwa, iko wapi, nini hii. Atakapohitaji "tunataka" na "alikataa", mtaalamu wa usemi atapanga namna ya kuvunja neno vipande. Si kazi ya leo.

Tazama pia jinsi "basi" na "bado" zinavyofanya kazi nyingi. "Basi" ni inatosha, ni acha, ni tumemaliza. "Bado" ni subiri, ni sijamaliza, ni haijafika. Mtaalamu wa tabia anayetaka kumfundisha mwanao kungoja zamu hatapata neno zuri kuliko "bado", na mtoto hulisikia nyumbani mara mia kwa siku. Wewe ndiye unayejua maneno kama hayo. Yaandike siku mbili mfululizo, yale unayomwambia na yale unayodhani angekuambia, uwapelekee wote wawili.

Kiingereza hakina haja ya kufutwa, kwa sababu kituoni na shuleni anakikuta. Ziwe kurasa za lugha mbili, ila mpangilio uwe mmoja: "sitaki" ikae mahali palepale inapokaa mwenzake wa Kiingereza, kwa kuwa kidole hukumbuka mahali kabla jicho halijaisoma picha. Kwa sababu hiyohiyo, mtu yeyote asihamishe vitufe bila kuwaambia wengine. Wala usitishwe na anayesema usonji na lugha mbili haviendi pamoja. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazijaona hasara hiyo.

Mama mkwe naye ajibiwe kwa heshima, kwa sababu hofu yake inatokana na mapenzi, na ni hofu ya wengi. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu swali hilohilo. Kati ya watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa madhubuti, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi kwa kutumia picha, ishara au mashine. Asilimia 89 waliongeza usemi, wengi wao kwa kiasi kidogo, na waliobaki hawakubadilika. Mwaka 2014 kundi la Connie Kasari lilichapisha matokeo ya watoto 61 wa miaka 5 hadi 8 waliokuwa na maneno machache sana. Wote walipata tiba ya kucheza na kuzungumza iliyochanganya mbinu za makuzi na za tabia, na waliopewa kifaa cha sauti tangu mwanzo ndio waliojieleza zaidi kwa hiari yao, kwa mdomo au kwa kifaa. Usimwahidi mama mkwe kwamba mjukuu ataongea kwa mdomo, hakuna awezaye kuahidi hilo. Mwambie tu kwamba mashine haimzuii. Kisha mkabidhi tableti, amwonyeshe mjukuu "njoo" na "nipe" wakati wa kuchambua mboga. Kilifi, watafiti akina Karen Bunning na Joseph Gona waliwafuata walezi majumbani na kuwafundisha mawasiliano ya namna hii kwa vifaa vya kawaida, vijijini kabisa. Bibi anayepika ana nafasi nyingi za kusema na mtoto kuliko mimi na saa yangu moja ya wiki.

Kuhusu kikao: usiombe mkutano mkubwa, hautafanyika. Omba dakika arobaini, kituoni, mtoto akiwepo na tableti ikiwepo. Sisitiza aje msaidizi anayekaa na mtoto kila siku. Mara nyingi anayeandika mpango humwona mtoto kwa nadra, na kijana anayetekeleza hajawahi kuonyeshwa programu inafunguliwaje. Kama gharama ya wawili kwa pamoja ni nzito, omba kila mmoja atumie saa yake ya kawaida siku hiyo, au wapigiane simu ya video huku wewe ukishika kamera. Mtoke na ukurasa mmoja wenye maneno matano ya mwezi huu, ngazi za msaada, nini kinafanyika akisema "sitaki", nani anahesabu na anahesabu nini. Kwa kuhesabu, ningependa waandike mara ambazo mtoto alianza mwenyewe, bila kuulizwa. Asilimia ya majibu sahihi haitakuambia sana. Nakala moja ibandikwe jikoni kwako.

Mmoja wao akikataa kuongea na mwenzake hata kwa simu ya dakika ishirini, hapo utakuwa umepata jibu la swali lako la nani usimfuate.

La mwisho ni sauti. Tableti yenu inaongea Kiingereza, kwa hiyo ukiiwekea Kiswahili huenda ikakisoma kwa matamshi ya Kiingereza, na "nataka" ikatoka kama jina la mji wa ng'ambo. Programu nyingi zinaruhusu kurekodi sauti yako kwenye kila kitufe. Tafuta binamu wa kiume wa miaka saba au minane, mkae naye Jumamosi mahali pasipo na kelele, arekodi yale maneno kumi na manne ya kwanza, ili mwanao asizungumze kwa sauti ya mwanamke wa makamo. Anzeni na "sitaki", na mwambieni binamu aiseme kama anavyoisema akiitwa kuoga.